Matabaka ya Jiwe la Tabaka: Kwa Nini Elimu ya Fuwele Inahitaji Kiswahili

Utangulizi

Mtu aliyewahi kununua kifaru kidogo cha jiwe, sahani ya mapambo au seti ya sataranji katika maduka ya vinyago ya Nairobi au Mombasa, yamkini alibeba kipande cha Kaunti ya Kisii bila kujua. Jiwe hilo, ambalo soko limelipa jina la jiwe la sabuni kwa sababu ya ulaini na utelezi wake, huchimbwa na kuchongwa Tabaka, katika eneo la Mugirango Kusini. Wachimbaji hulitoa ardhini kwa sululu, jembe na mtaimbo. Wachongaji hulikata kwa panga na kulipa umbo kwa kisu na patasi. Wanawake, aghalabu, hulisugua kwa msasa ndani ya maji, kisha hupakwa nta hadi ling'ae. Sanaa ya mawe ya Gusii imevuka bahari. Kazi ya Elkana Ong'esa, mchongaji mashuhuri wa huko, imesimama katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris.

Kwa msomaji wa Kiswahili, jina la mahali hapo lina mvuto wa pekee. Tabaka, katika lugha hii, ni kitu kilichotandazwa juu ya kingine: tabaka la udongo, tabaka la rangi ukutani, tabaka la watu katika jamii. Neno hili liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na hakuna haja ya kulilazimishia undugu na jina la mahali katika nchi ya Wagusii. Hata hivyo, sadfa hiyo ya sauti imegonga penyewe. Jiwe la Tabaka ni laini kwa kuwa madini yaliyolijenga yamepangwa kwa matabaka. Hilo ndilo jambo ambalo taaluma ya fuwele, yaani elimu ya mpangilio wa atomi ndani ya madini, humfundisha mwanafunzi wa chuo kikuu.

Makala haya yanadai kwamba elimu hiyo inaweza na inapaswa kuelezwa kwa Kiswahili katika ngazi ya chuo kikuu, na kwamba kikwazo kikubwa si uhaba wa istilahi. Istilahi hutungwa, zikaorodheshwa, kisha zikaachwa bila sentensi za kuishi ndani yake. Wanaolipia uzembe huo hawamo kumbini mwa makongamano. Wamo machimboni.

Jiwe moja, somo zima

Mwanafunzi wa jiolojia hufundishwa mapema kutofautisha madini na mwamba. Madini ni kitu yabisi cha asili, chenye kemia maalumu na mpangilio maalumu wa atomi zake. Mwamba ni mkusanyiko wa madini, ya aina moja au zaidi. Kwa hiyo jiwe la sabuni ni mwamba. Katika matumizi finyu ya wanajiolojia, jina hilo ni la mwamba wenye talki kwa wingi. Sokoni, jina hilohilo hupewa jiwe lolote laini linalochongeka, hata pale ambapo madini yake makuu ni jamaa za talki zenye alumini. Jamaa hizo zote zina sifa moja: zimejengwa kwa matabaka.

Ujenzi wenyewe si fumbo. Msomaji na awaze atomi moja ya silikoni iliyozungukwa na atomi nne za oksijeni, kila moja katika pembe ya piramidi ndogo yenye nyuso nne za pembetatu. Piramidi hiyo ndiyo tofali la sehemu kubwa ya ganda la dunia, na tofauti nyingi baina ya madini na madini hutokana na jinsi matofali hayo yanavyoungwa. Katika talki, kila piramidi hushirikiana na jirani zake atomi tatu za oksijeni, na kwa njia hiyo hufanyika utando mpana uliolala kama mkeka. Mikeka miwili ya aina hiyo huelekeana, na katikati yake hukaa safu ya magnesiamu iliyoambatana na oksijeni na hidrojeni. Safu hizo tatu hushikana kwa nguvu na kuwa tabaka moja kamili. Tabaka hilo likishakamilika, halibaki na chaji ya kulivuta tabaka jingine. Matabaka hulaliana kwa mvuto hafifu tu, mithili ya kurasa za kitabu ambacho hakijashonwa. Ukucha ukipita, kurasa huteleza.

Magnesiamu ikibadilishwa na alumini, hupatikana pirofiliti, ndugu wa talki anayefanana naye kwa ulaini kiasi kwamba ni vigumu kuwatenganisha kwa jicho. Katika ulanga wa kawaida, robo ya silikoni huchukuliwa nafasi na alumini. Badiliko hilo huacha upungufu wa chaji, nao hufidiwa na potasiamu inayokaa baina ya matabaka na kuyafunga pamoja. Ndiyo sababu ulanga hubanduka karatasi kwa karatasi, lakini haufikichiki mkononi kama talki.

Kutoka Tabaka hadi Manga, katika Kaunti ya Nyamira, si safari ndefu kwa gari. Kwa mwanafunzi wa fuwele ni safari kutoka ulaini wa kupindukia hadi ugumu wa kushinda chuma. Magenge ya Manga ni ya kwatziti, mwamba uliojengwa kwa kwatzi. Kwatzi nayo ni silikoni na oksijeni, piramidi ileile. Ila humu kila piramidi hushirikiana na jirani zake oksijeni zote nne, pande zote, bila tabaka wala mwanya wa kuteleza. Katika kipimo cha ugumu alichokipanga Friedrich Mohs mwaka 1812, talki ni ya 1, kwatzi ni ya 7 na almasi ni ya 10. Kisu kinachochonga jiwe la Tabaka hubutuka kwenye jiwe la Manga. Tofali ni moja; mpango ndio uliotofautiana. Hata udongo mwekundu unaootesha majani chai ya Nyamira na migomba ya Kisii una kaolini, madini mengine ya matabaka, na wekundu wake hutokana na chuma kilichoungana na oksijeni.

Mambo haya hayakujulikana kwa kukisia. Mwaka 1912, Max von Laue na wenzake walionyesha kwamba miale ya eksirei inapopita katika fuwele hutawanyika kwa utaratibu maalumu. William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence Bragg waliitumia miale hiyo kuusoma mpangilio wa atomi, chumvi ya kawaida ikiwa miongoni mwa vitu vya kwanza kusomwa, na mwaka 1915 wakatunukiwa Nobeli kwa pamoja. Mwaka 1930, Linus Pauling alieleza muundo wa ulanga na jamaa zake, talki na pirofiliti zikiwamo. Mwanafunzi wa leo hukutana na mifumo 7 ya fuwele, latisi 14 na makundi 230 ya ulinganifu, na hutakiwa kujua jinsi ulinganifu unavyoathiri umbo na mpasuko wa madini.

Aya zilizotangulia zimeandikwa kwa Kiswahili. Hazikuhitaji kuazima sentensi hata moja kutoka lugha nyingine. Kilichoazimwa ni majina machache ya vitu. Huo ni ushahidi mdogo, lakini ni ushahidi.

Hazina iliyomo ndani ya lugha

Dai kwamba Kiswahili ni mgeni katika elimu ya madini haliwezi kusimama mbele ya kamusi. Lugha iliyokulia katika biashara ya Bahari ya Hindi ina almasi, zumaridi, akiki, feruzi, yakuti, jasi, shabu, kiberiti, zebaki na ulanga. Neno bilauri, ambalo leo ni chombo cha kunywea maji, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya jiwe la fuwele angavu. Neno fuwele lenyewe limo katika kamusi za Kiswahili sanifu, likisubiri kutumiwa.

Baadhi ya maneno hayo yanaafikiana na sayansi kwa namna ya kushangaza. Yakuti ni mfano mwafaka. Kiingereza kina majina mawili tofauti kwa kito chekundu na kito cha samawati, kana kwamba ni mawe mawili yasiyojuana. Kiswahili husema yakuti nyekundu na yakuti ya samawati. Fuwele zinakubaliana na Kiswahili, kwani vito vyote viwili ni madini yaleyale ya alumini na oksijeni, yenye mpangilio uleule wa atomi. Chembe za kromi huleta wekundu. Chembe za chuma na titani huleta usamawati. Wafanyabiashara waliolieneza neno hilo hawakuwa na eksirei, na itakuwa upotoshaji kudai kwamba waliijua siri ya atomi. Lakini mwalimu anayeanza somo la muundo na rangi kwa neno yakuti amepewa na lugha yenyewe mlango wa kuingilia.

Mfano wa pili ni magadi. Ni neno linalojulikana katika kila jiko la Mswahili, kwa kulainishia maharage. Mwaka 1967, mwanasayansi Hans Eugster alieleza madini mawili mapya ya silikoni na sodiamu kutoka Ziwa Magadi nchini Kenya. Moja lilipewa jina la magadiiti na la pili kenyaiti. Yote mawili, kama talki, yamejengwa kwa matabaka. Kila mwanafunzi wa fuwele duniani anayesoma habari zake, awe Tokyo au Berlin, hutamka jina lililobeba neno magadi. Itakuwa ajabu basi ikiwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki ndiye pekee atakayeambiwa kwamba lugha yake haifai kwa somo hilo.

Hazina kubwa zaidi, hata hivyo, imo katika vitenzi. Wanajiolojia hutofautisha madini yanayoachana kwenye bapa nyororo na yale yanayovunjika ovyo. Kiswahili kina ngazi nyingi zaidi za kulieleza jambo hilo. Kitu hubanduka kinapoachana tabaka kwa tabaka. Hupasuka kinapogawanyika kufuata mstari. Humeguka kinapotoa mabonge. Huvunjika kinapoachana bila mpango. Hupukutika kinapodondoka chembechembe. Husagika kinapokuwa unga. Mwanafunzi wa mofolojia anajua kwamba kila kitenzi kati ya hivyo kinaweza kuzaa nomino. Mbanduko na ufae kwa ulanga na talki, mpasuko kwa madini yanayogawanyika katika bapa zaidi ya moja, na mvunjiko kwa kwatzi, ambayo haina bapa la kuachana. Istilahi za namna hii hazihitaji maelezo marefu pembeni, kwa sababu maana yake imo ndani ya umbo lake. Mtu asiyewahi kuingia darasa la jiolojia ataelewa nusu ya somo kwa kulisikia neno.

Pingamizi na majibu yake

Zipo pingamizi tatu ambazo husikika mara kwa mara, na kila moja inastahili jibu la haki.

Ya kwanza husema kwamba istilahi za fuwele katika Kiswahili zitakuwa za kukopa, kwa hiyo hakuna faida. Ni kweli kwamba talki, kwatzi na kaolini ni maneno ya mkopo. Lakini Kiingereza nacho kilikopa yote matatu. La kwanza lilipitia Kiarabu kutoka Kiajemi, njia ileile iliyoleta almasi pwani; la pili lilitoka Kijerumani; la tatu lilitokana na jina la mahali nchini China. Hakuna aliyewahi kukinyima Kiingereza hadhi ya lugha ya sayansi kwa sababu ya madeni hayo. Lugha hustawi kwa kukopa na kulitumia lililokopwa.

Ya pili husema kwamba vitabu, maabara na ajira za jiolojia ni za Kiingereza. Mgala muue na haki yake mpe: mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi au cha Dar es Salaam anayetaka kuwa mwanajiolojia atahitaji Kiingereza ili asome majarida na kuwasiliana na wenzake wa kimataifa. Makala haya hayapendekezi kukifukuza. Yanachokataa ni kwamba Kiingereza kiwe lugha pekee ambamo mtu anaweza kufikiri kuhusu jiwe lililo chini ya shamba la baba yake. Tanzania imefundisha shule za msingi kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na mtoto wa huko husoma habari za miamba kwa lugha hiyo. Kisha sekondari lugha hubadilika. Matokeo yake ni kwamba Kiswahili cha miamba hubaki katika umri wa utoto. Kinaweza kusema mwamba ni nini, lakini hakijazoezwa kusema kwa nini mwamba mmoja huteleza na mwingine husimama. Upungufu huo hautokani na maumbile ya lugha. Umetokana na kukatizwa kwake njiani.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo hutolewa na watu wa Kisii na Nyamira wenyewe. Lugha ya kwanza ya Wagusii ni Ekegusii. Je, Kiswahili nacho si mgeni Tabaka? Jibu la kweli ni kwamba Kiswahili kina wajibu wa kwenda huko kama mwanafunzi kabla ya kwenda kama mwalimu. Ekegusii huita jiwe rigena, na mawe amagena. Mwanaisimu ataona mara moja jozi ileile ya ngeli inayozaa jiwe na mawe. Watu waliochonga jiwe kwa vizazi wana maneno ya kutaja jiwe linalofaa na lisilofaa, lenye mishipa na lisilo nayo. Maneno hayo yanapaswa kukusanywa kwa heshima, na yale yanayoziba pengo yaingizwe katika Kiswahili kwa jina lake na asili yake. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu hichohicho kiliiagiza dola kukuza lugha za kiasili. Sehemu hizo mbili za Katiba hazigombani. Zinagombanishwa na uvivu.

Kinachopotea kwa ukimya

Huenda msomaji akauliza: mchongaji ambaye amelichonga jiwe maisha yake yote anahitaji nini kutoka kwa elimu ya fuwele? Mikono yake inajua tayari. Swali hilo lina staha, lakini linaficha hatari tatu.

Hatari ya kwanza ni vumbi. Jiwe la kuchonga linaweza kuwa na punje za kwatzi ndani yake. Jiwe lenye punje hizo likikatwa au kusuguliwa likiwa kavu, vumbi lake jembamba huvutwa hadi ndani ya mapafu na kwa muda mrefu laweza kuleta silikosisi, maradhi ambayo kovu lake halifutiki. Macho hayawezi kuliona vumbi lililo hatari zaidi, kwa kuwa chembe zake ni ndogo mno. Kinga zinajulikana: kufanya kazi jiwe likiwa na maji, kukaa penye hewa inayopita, na kuvaa barakoa inayochuja chembe ndogo. Wanaosugua ndani ya maji tayari wanajikinga kwa kiasi, pengine bila kuambiwa. Anayekata na kuchonga jiwe kavu ndiye aliye hatarini zaidi. Akielezwa tofauti ya talki na kwatzi, atajua kwa nini kisu kinapolalamika kwenye punje ngumu, mapafu nayo yana sababu ya kulalamika. Elimu hiyo ipo maktabani. Haijapewa sentensi anazoweza kuzisikia.

Hatari ya pili ni shimo lenyewe. Machimbo ya mkono huchimbwa kwa kufuata jiwe zuri, na kuta zake mara nyingi husimama wima bila mhimili. Mvua inaponyesha, maji hupenya katika nyufa na katika udongo wenye madini ya matabaka, nguvu ya kushikana hupungua, na ukuta uliosimama msimu wote wa kiangazi huweza kuporomoka. Sifa ileile inayolifanya jiwe lichongeke ndiyo inayofanya ardhi yake iteleze. Ni somo moja lenye pande mbili, upande wa riziki na upande wa kifo, na haifai wachimbaji wapewe upande mmoja tu.

Hatari ya tatu ni ya haki. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 ilitambua wachimbaji wadogo na kuwawekea utaratibu wa vibali. Iliagiza pia kwamba mrabaha wa madini ugawanywe, asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa serikali ya kaunti na asilimia 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Katika sheria za namna hii, mengi hutegemea jina: jiwe limeainishwa kuwa nini, na nani amethibitisha. Mtu ambaye hana lugha ya kutofautisha mwamba na madini, talki na kaolini, atakaa kimya katika mkutano ambamo mambo hayo yanaamuliwa. Ukimya huo utahesabiwa kuwa kibali. Hapa ndipo maana ya pili ya neno tabaka inapojitokeza. Lugha ya sayansi isipovuka daraja, hujenga matabaka ya watu: wenye kujua kilichomo ndani ya jiwe, na wenye kulibeba.

Jukumu la vyama vya Kiswahili

Lawama ya kwanza isielekezwe kwa wanajiolojia. Wao hufundisha kwa lugha waliyofundishiwa. Lawama inawaangukia zaidi wapenzi wa Kiswahili, ambao kwa miaka mingi wameandaa makongamano ya kuthibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kufundishia sayansi, huku wakiwa hawajaiandika sayansi yenyewe. Mwaka 1990, iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Ilikuwa kazi kubwa. Swali ni kwamba, tangu wakati huo, ni aya ngapi za kemia zimeandikwa na wanafunzi wa Kiswahili kwa kuzitumia istilahi hizo? Kamusi ni ghala, na nafaka isiyotoka ghalani haijamshibisha mtu.

Kuna pia mtindo wa kubishana juu ya neno hadi somo likapotea. Mmoja hutaka kwatzi, mwingine kwatsi. Mmoja hutaka talki, mwingine neno la kale zaidi. Mchagua jembe si mkulima. Istilahi husanifishwa kwa kutumika, na ile inayostahimili matumizi ndiyo inayobaki.

Mambo matatu yanaweza kufanywa bila kusubiri waraka wa wizara. Kwanza, mwanafunzi wa Kiswahili na mwanafunzi wa jiolojia waandike pamoja sura moja fupi kuhusu madini ya matabaka: mmoja akilinda ukweli wa fuwele, mwingine akilinda ukweli wa lugha, na kila mmoja akiwa na haki ya kuikataa sentensi ya mwenzake. Pili, Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, kimo katika kaunti iliyo na machimbo hayo. Wanafunzi wa Kiswahili wa huko wana uwanja wa utafiti ambao wenzao wa vyuo vya mbali wangeutamani. Tasnifu juu ya msamiati wa uchimbaji na uchongaji, katika Ekegusii na Kiswahili, itakuwa na thamani zaidi ya tasnifu ya ishirini juu ya dhamira za riwaya ileile. Tatu, sura hiyo isomwe kwa sauti machimboni kabla ya kuchapishwa. Mchongaji akisema haelewi, sura irudi mezani. Akisema imekosea, isikilizwe zaidi, kwa sababu anayepinga ameelewa.

Kazi hiyo haitakuwa na fahari ya jukwaani. Itahitaji mwanafunzi wa fasihi ajifunze kipimo cha Mohs, na mwanafunzi wa jiolojia ajifunze upatanisho wa ngeli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hitimisho

Ulaini wa jiwe la Tabaka na ugumu wa jiwe la Manga umetokana na mpangilio wa chembe zilezile. Jambo hilo lina mvuto wa kutosha kumfanya kijana yeyote wa Kisii au Nyamira alitazame upya jiwe alilolikanyaga tangu utotoni. Linaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kupunguza chochote katika ukweli wake, na maneno mengi ya kulielezea yamo tayari katika lugha: fuwele, ulanga, yakuti, mbanduko, mng'ao, tabaka. Yanayopungua ni vitabu, mihadhara, tasnifu na vikaratasi vya tahadhari ambamo maneno hayo yatafanya kazi.

Kipimo cha mafanikio hakitakuwa idadi ya istilahi zilizoidhinishwa. Kitakuwa siku ambayo mchongaji wa Tabaka atasimama katika mkutano kuhusu machimbo yake, amsikilize mtaalamu akieleza kwa Kiswahili madini yaliyomo katika jiwe, kisha amwulize swali linalomlazimu mtaalamu huyo afikiri kabla ya kujibu.